Neno la Watu: "Afadhali Bangi"

 

Katika darasa letu la baina ya magharibi na isha tumeletewa suali na mama mmoja wa mji huu wa Lamu, ameliandika katika karatasi na kulituma kwa mkono wa mtoto. Asema kwamba ana mwana wa miaka kumi na minne, na kwamba siku moja alipokuwa akifua nguo alikuta mfukoni mwa mwanawe misokoto miwili ya bangi. Alikwenda mbio kwa nduguye, mjomba wa kijana, akitaraji kwamba huko atapata mtu wa kufadhaika pamoja naye. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Mshukuru Mungu, dada. Afadhali bangi kuliko unga." Mama huyu alirudi kwake na moyo wake haukutulia. Atuuliza: Je, neno hili ni la haki?

Tulipolisoma suali hili mbele ya wanafunzi tuliwaona baadhi yao wakitazamana na kutabasamu, tukajua kwamba neno la mjomba si geni kwao. Wala si geni kwetu sisi. Tumelisikia barazani, tumelisikia katika boti za kuvukia Mokowe, tumelisikia hata makaburini, watu wakirudi kuzika. Kwa hiyo tumeona jawabu lisiwe la mama huyu peke yake.

Kwanza yatupasa tujue neno hili limezaliwa wapi, kwani wazee wetu hawakuwa nalo.

Bangi si mgeni wa jana katika visiwa hivi. Jina lake lenyewe asili yake ni Bara Hindi, nalo limevuka bahari kama yalivyovuka majina ya nguo na ya viungo. Wazee wetu waliijua. Lakini waliokuwa wakiivuta walikuwa wachache, wakijificha katika magofu na mashambani, na kumwita mtu "mvuta bangi" lilikuwa tusi la kugombanisha. Mwisho wa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 wakatujia vijana wa Kizungu wenye nywele ndefu, walioitwa mahipi, na Lamu ikawa moja katika vituo vya safari zao, kama vile Kathmandu kule Nepal. Hatusemi kwamba wao ndio walioileta bangi. Hilo si kweli, na aibu yetu tusiibandike kwa mgeni. Tusemalo ni kwamba wao waliivuta mchana, bila ya haya, na kijana wetu akaona kwamba jambo alilofunzwa kulionea aibu, mtu mwenye pesa na elimu hulifanya kwa kujivuna.

Kisha ukaja unga, yaani heroini. Uliingia na kuenea katika miji ya mwambao, Mombasa na Malindi na hapa kwetu, katika miaka ya 1980 na 1990. Sisi tuandikao haya tulikuwa watoto wa chuoni. Tuliwaona waliotutangulia kwa juzuu mbili tatu, waliokuwa wakitusahihisha herufi zetu, wakigeuka mateja mbele ya macho yetu: wakiuza kwanza saa zao, kisha sufuria za mama zao, kisha wakilala chini ya madaka ya watu. Baadhi yao tumewaosha kwa mikono yetu hii na kuwatia kaburini. Mji uliopatwa na msiba kama huo hupoteza mizani yake. Mtu aliyeiona nyumba ya jirani ikiteketea, moshi wa jikoni kwake haumshughulishi tena. Hapo ndipo lilipozaliwa neno "afadhali".

Na mambo mengine yakalitia mbolea. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda. Mwaka 2014 Mpeketoni ilihujumiwa, na watu wakawekewa amri ya kutotoka usiku. Watalii wakapungua, nyumba za wageni zikafunga milango, na uvuvi wa usiku ukazuiwa kwa muda mrefu. Kijana ambaye baba yake alimpeleka baharini akiwa na miaka kumi na mitano, yeye alibaki maskani, na maskani haikosi wa kukupa pafu la kwanza bure. Haya si udhuru, lakini anayetaka kutibu hana budi kujua ugonjwa ulipoingilia.

Sasa tulitazame neno lenyewe.

Wasemao "afadhali bangi" wanatumia, pasina kujua, kanuni moja kubwa ya wanazuoni wetu, nayo ni kwamba madhara mawili yakigongana, hutendwa lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito. Kanuni hii ni sahihi na mifano yake ni mingi. Nahodha akipatwa na tufani na jahazi likataka kuzama, yajuzu kwake kuitupa shehena baharini ili kuziokoa roho za watu, ijapokuwa mali hiyo si yake. Lakini kanuni hii ina sharti, na sharti lake ni kwamba mtu awe amebanwa kweli, hana njia ya tatu. Bahari ikiwa shwari, nahodha akaitupa shehena majini na kusema "afadhali mali kuliko roho", wenye mali watamshika na kumpeleka kwa kadhi, wala hatakuwa na la kujibu.

Basi twamuuliza mjomba: ni nani aliyembana mtoto wa miaka kumi na minne, akamwambia huna budi uchague, bangi au unga? Njia ya tatu iko wazi, nayo ndiyo wanayopita walio wengi katika vijana wetu, waachao yote mawili. Mjomba amemhesabu mpwa wake katika waliobanwa, na mtoto mwenyewe hajabanwa na kitu. Tena amemfunza jambo baya zaidi: kwamba watu wazima wa nyumba yake wamekwisha kukata tamaa, na lililobaki ni kuchagua jinsi ya kuharibika.

Liko na jambo la pili. Neno "afadhali" huonyesha kwamba bangi iko upande mmoja na unga upande wa pili, na mwenye kukaa huku amesalimika na kule. Walioishi katika mitaa ya Mombasa na Malindi wanajua msokoto uitwao "kokteli". Ndani yake mna tumbaku, bangi na unga, vyote katika karatasi moja. Mvutaji wa bangi ambaye asingekubali kamwe kuchomwa sindano hupewa msokoto huo na rafiki yake, huuvuta kama alivyozoea kuvuta, na harufu ni ile ile anayoijua. Hatusemi kwamba kila avutaye bangi hufika kwenye unga, wengi hawafiki. Lakini asiyevuta hapewi kokteli.

Tuje katika hukumu ya dini, kwani wako vijana wanaojadili, nasi twapenda wajadili kuliko kunyamaza.

Husema: bangi haikutajwa katika Qurani. Ni kweli, jina lake halimo. Lakini Aya ya 90 na ya 91 za Suratul Maida zilipoiharimisha khamri hazikuishia kuitaja tu. Zilitaja na sababu: uadui na chuki zinazotiwa baina ya watu, na kuzuiwa mtu na kumkumbuka Mola wake na sala. Na Mtume (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar na kuitoa Imamu Muslim, ametubainishia kwamba kila chenye kulevya kimo katika hukumu ya khamri. Na katika Hadithi ya Jabir ametubainishia kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, basi na kichache chake ni haramu. Kwa hiyo asemaye "mimi ni mapafu mawili tu, silewi" amekwisha kujibiwa zamani.

Wala si kweli kwamba wanazuoni hawakuijua. Mmea huu, kwa jina la hashishi, ulipoenea katika nchi za Kiislamu waliushughulikia sana. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ameeleza kwamba ulidhihiri pamoja na kuja kwa Matatari. Zarkashi, mwanachuoni wa Kishafii wa Kairo aliyefariki mwaka 1392, ametunga kitabu kizima juu ya uharamu wake. Na Ibn Hajar al-Haytami, ambaye vitabu vyake vinasomwa katika darasa za mwambao huu mpaka leo, ameuhesabu katika kitabu chake Zawajir miongoni mwa madhambi makubwa. Tena angalia: hao walizungumza juu ya kuila, kwani watu wa zama zao aghlabu waliila. Kijana anayedhani kwamba biskuti na keki zilizotiwa bangi, zinazouziwa wanafunzi siku hizi, ni uvumbuzi mpya usiofikiwa na hukumu, ajue kwamba Ibn Hajar amemtangulia kwa karne nne na zaidi.

Wamesikia pia kwamba wanazuoni wamekhitalifiana, na hili ni kweli nusu. Walikhitalifiana katika mambo mawili. Moja, je, mmea wenyewe ni najisi kama khamri? Katika madhehebu yetu ya Shafii si najisi. La pili, je, mtumiaji hupigwa hadi ya mnywa khamri? Ibn Taymiyya amesema ndiyo. Mashafii wamesema hapana, hutiwa adabu kwa anavyoona hakimu. Hizo ndizo khitilafu zao. Aliyesikia kwamba wamekhitalifiana katika adhabu, akatoka barazani akitangaza kwamba wamekhitalifiana katika uharamu, amesikia kwa sikio moja.

Na asemaye kwamba ni dawa, tunamwambia: dawa ni mlango unaojulikana, una mtu wake na kipimo chake. Wanazuoni wetu waliruhusu mgonjwa anyweshwe chenye kuondoa akili pale kiungo kilichooza kinapotaka kukatwa, kwani ule ni msiba. Na katika zama hizi, mwaka 2018, Marekani ilikubali dawa iliyotolewa katika mmea huu kwa watoto wenye aina mbili kali za kifafa. Lakini dawa hiyo ni kanabidiolo, sehemu ya mmea isiyolevya, nayo hupimwa na daktari. Baina ya hayo na msokoto wa maskani pana bahari.

Sasa tuseme juu ya dhara, na hapa twataka kukiri kosa letu.

Sisi wafundishaji tumezoea kuwaambia vijana kwamba avutaye bangi mara moja huwa mwendawazimu. Kijana akavuta, au akamwona mwenziwe akivuta, wakaamka asubuhi wazima, wakala mahamri yao na kunywa chai. Akasema moyoni: masheikh ni waongo. Na siku tulipomwambia juu ya unga, ambao kila tulisemalo juu yake ni kweli, alitupima kwa mizani ile ile. Basi haya tusemayo leo tumeyapima tusizidishe.

Si kila avutaye hupatwa na wazimu, wala si kila avutaye hushindwa kuacha. Wataalamu wamekadiria kwamba katika watu kumi wanaoivuta, kiasi cha mmoja hunaswa asiweze kuishi bila ya hiyo. Lakini wanaoanza wakiwa barubaru hunaswa mmoja katika kila sita. Umri ndio unaogeuza hesabu, na hii ndiyo sababu twasema juu ya watoto khasa. Ubongo wa mwanadamu haukamiliki anapobaleghe. Huendelea kujijenga mpaka karibu na miaka ishirini na mitano, na sehemu inayokamilika mwisho ni ile ya mbele, ya kupima matokeo ya jambo na kujizuia nafsi. Mtu mzima avutapo huingiza moshi katika nyumba iliyokwisha kuezekwa. Barubaru huuingiza hali mafundi wangali juu ya kuta.

Katika nchi ya Sweden walichunguzwa vijana zaidi ya 45,000 walioingia jeshini, wakafuatwa khabari zao kwa miaka kumi na mitano, na matokeo yakatolewa mwaka 1987. Wale waliokuwa wamekwisha kuvuta bangi zaidi ya mara hamsini walipofika jeshini, walipatwa na ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mara sita kuliko wasiovuta. Huo ni ugonjwa wa kusikia sauti zisizokuwako na kudhani kwamba watu wanakufanyia njama. Hata katika hao wavutaji walio wengi hawakuugua, na tunalisema hilo waziwazi. Lakini mara sita si jambo la kuchezea, na hapana kijana anayejua kabla ya kuvuta kwamba yeye yuko katika fungu gani.

Tena bangi ya leo si ile ya wazee. Iliyokamatwa na kupimwa Marekani mwaka 1995, kilevyacho ndani yake, kiitwacho kwa kifupi THC, kilikuwa kiasi cha sehemu nne katika mia. Kufikia mwaka 2014 kilikuwa kiasi cha kumi na mbili. Mzee asemaye "hata sisi tulivuta tukapona" anazungumza juu ya kitu kingine chenye jina lile lile.

Na liko dhara dogo, ambalo mwalimu wa chuoni hulijua kabla ya daktari. Bangi huugusa uwezo wa kuhifadhi. Mwanafunzi aliyekuwa akileta ukurasa kila siku huanza kuleta nusu. Kisha yale ya jana humponyoka, na akisahihishwa hucheka pasipo na la kuchekesha. Tumewahi kumpiga mwanafunzi wa namna hii kwa kudhani ni mvivu. Tunaijutia fimbo ile.

Hapa twafika katika jambo lililotutia uchungu zaidi, nalo latuhusu sisi watu wa visiwa hivi kuliko wengine.

Kijana mmoja wa miaka kumi na sita, ambaye hatumtaji jina wala mtaa, alianza kukaa peke yake na kunong'ona. Halali usiku. Hali chakula cha mama yake, asema kimetiwa kitu. Watu wa nyumbani wakasema ana pepo. Akaletwa mganga, akaagiza ubani, mbuzi wa rangi aliyoitaka yeye na pesa. Ikapigwa ngoma, kijana akakalishwa kitini na kufukizwa. Hakupona, wakaambiwa pepo ni wa bara, ataka mganga wa bara. Miezi ikapita, na mkufu wa mama ukauzwa. Mwisho, kwa nasaha ya jirani, alipelekwa hospitali, na daktari akauliza suali moja ambalo katika miezi yote ile hapana aliyeliuliza: "Wewe, wavuta nini?" Kijana akajibu pale pale. Alikuwa akivuta kila siku kwa mwaka mzima. Alipewa dawa, akalala. Alipoacha bangi sauti zikanyamaza. Aliporudia kuvuta, zikarudi. Akatibiwa tena, na sasa yuko katika kujikongoja.

Ndugu zetu, hatumkatazi mtu kumsomea mwanawe Qurani. Sisi wenyewe twawasomea. Tunalolikataza ni kumwendea mwenye ngoma na ubani, na kumnyima mgonjwa tiba aliyoiumba Mwenyezi Mungu, kwa khofu ya kusikia kwamba mtoto wa ukoo fulani avuta bangi. Pepo wamekuwa pazia. Nyumba yenye heshima yaona ni bora mwana awe na pepo kuliko awe na msokoto! Na madaktari wamehakikisha kwamba ugonjwa huu wa akili, kadiri unavyokaa bila ya kutibiwa, ndivyo kupona kunavyokuwa kuzito. Kila Alhamisi ya ngoma ni wiki iliyotolewa katika umri wa kijana. Hospitali ya King Fahd iko hapa hapa mjini. Mganga ana mbuzi wa kutosha.

Vijana wetu wana hoja nyengine, waliyoitoa katika simu zao: kwamba nchi kubwa zimehalalisha. Ni kweli kwamba Uruguay ilitunga sheria mwaka 2013 na Kanada mwaka 2018. Lakini tuwaulize: zimemhalalishia nani? Sheria ya Kanada yakataza kumuuzia aliye chini ya miaka kumi na minane. Mikoa iliyo mingi imeweka kumi na tisa, na Quebec imeweka ishirini na moja tangu mwaka 2020. Hukumu ya mahakama kuu ya katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 2018 nayo ilimhusu mtu mzima, katika faragha yake. Walioifungulia mlango bangi wamefunga mlango wa watoto, nao hawakuongozwa na Hadithi, wameongozwa na madaktari. Kijana wa miaka kumi na minne aitoaye Kanada ushahidi, shahidi wake amemgeuka.

Na hapa Kenya, katika uchaguzi wa mwaka 2022, alisimama mgombea wa urais, Bwana George Wajackoyah, akiahidi kwamba bangi italimwa na kulipa madeni ya nchi. Kura zake hazikufika moja katika kila mia mbili. Lakini jina la bangi lilitamkwa majukwaani kwa vicheko miezi kadhaa, na watoto walikuwa wakisikiliza. Mwaka huo huo uchunguzi wa NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi, ulionyesha kwamba katika Wakenya wa miaka 15 mpaka 65, mmoja katika kila 53 atumia bangi, karibu mara mbili ya ilivyokuwa miaka mitano nyuma. Sheria yenyewe haijabadilika katika asili yake. Ile ya mwaka 1994 iliweka kifungo cha miaka kumi kwa aliyekutwa na bangi ya matumizi yake. Mwaka 2022 ikapunguzwa, ikawa isiyozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 100,000. Kupunguzwa si kuhalalishwa.

Lakini hatumshauri mama huyu aanze na polisi, wala na fimbo. Aanze kwa kukaa na mwanawe, faraghani, siku asiyokuwa amevuta, amuulize alianza lini, ni nani ampaye, na ni nini akimbiacho. Asikilize zaidi kuliko kusema. Akiona dalili tulizozitaja, za kutolala na kunong'ona na kushuku watu, asingoje hata wiki, aende hospitali. Na akitaka wa kumshauri asiyemjua yeye wala ukoo wake, NACADA wana simu isiyo na malipo, 1192. Mjomba naye tunamwomba afanye kazi ya mjomba: amchukue mpwa wake baharini, au dukani, au popote penye kazi na watu wazima, kwani mkono ulioshughulika hauna nafasi ya kusokota.

Na baba wa vijana tuna neno nao dogo. Tumewaona barazani, shavu limejaa mirungi tangu alasiri mpaka usiku wa manane, wakimkemea mtoto kwa bangi. Mtoto hutazama shavu, hasikii maneno. Tutalizungumza jambo hili katika somo lake, inshallah.

Limebaki suali moja, ambalo aliyeliuliza ni kijana mwenyewe. Mama ameandika chini ya karatasi yake kwamba mwanawe ameacha kuingia msikitini. Alipomuuliza, alijibu kwamba amesikia katika waadhi kwamba mlevi haikubaliwi sala yake siku arubaini, basi asali ya nini? Angoje mpaka arubaini ziishe; na kila zikikaribia kuisha, huvuta tena.

Ewe kijana, Hadithi hiyo ya siku arubaini ipo, lakini aliyekusimulia hakukumalizia maelezo yake. Wanazuoni, akiwamo Imamu Nawawi katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, wameeleza kwamba kutokubaliwa kwa sala katika mahali kama hapa maana yake ni kukosa thawabu zake. Faradhi haikuondoka shingoni mwako. Ukiisali umeitekeleza, na wala hutaambiwa uilipe. Ukiiacha umeongeza juu ya dhambi ya kuvuta dhambi iliyo kubwa kuliko hiyo. Na ukitubia toba ya kweli, hesabu ya siku huna haja nayo, kwani mlango wa toba haufungwi. Lililokatazwa, nalo limo katika Suratun Nisaa, Aya ya 43, ni kuikaribia sala hali umelewa hujui usemalo. Basi akili ikikurudia, oga, piga mswaki, ubadilishe kanzu kwa ajili ya harufu isiwaudhi wenzako, na uje. Mmea si najisi katika madhehebu yetu, kama tulivyotangulia kusema, kwa hiyo asikutoe mtu katika safu kwa kudai kwamba unainajisi.

Na nyinyi mnaokaa safu ya mbele, mkimwona ameingia, msigeuke kumtazama.